Unauza laptopu iliyotumika? Isafishe ndani kabla hujang'arisha kava (wana Mwanza na majirani wa ziwa, karibuni)

#1 Fundi_Makoroboi (mleta uzi)

Wakuu, mwangaluka.

Kazi yangu ni kununua laptopu zilizotumika, kuzirekebisha na kuziuza tena, hapa mjini kati. Wanaoniletea mashine ni wanafunzi wa Malimbe wanaomaliza chuo, walimu, na watu wa maofisini wanaotaka kupandisha daraja. Karibu wote wanafanya jambo moja: wanaifuta laptopu kwa nje mpaka unajiona usoni, stika wamebandua, chaja wameikunja vizuri. Ukiiwasha sasa! Picha za harusi, nakala ya kitambulisho cha NIDA, taarifa za benki, CV yenye namba za simu za wadhamini, na kivinjari kimehifadhi paswedi zote tangu enzi hizo. Ukimuuliza, anakujibu, "Si wewe fundi utapiga windo?"

Ndiyo, nitapiga. Lakini kupiga windo, yaani kuweka Windows upya, siyo kufuta. Ukifuta faili kwa kawaida, au fundi akifomati harakaharaka, kinachoondoka ni ile orodha inayoiambia kompyuta faili gani iko wapi. Ni sawa na kung'oa vibao vyote vya mitaa ya Kirumba: mgeni atapotea, ila nyumba zote zipo na watu wamelala ndani. Programu za kurudisha faili kama Recuva na PhotoRec ni za bure, na kazi yake ni kupita nyumba hadi nyumba bila kuhitaji vibao.

Msiseme natisha watu. Mwaka 2003 watafiti wawili wa MIT, Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walitoa matokeo ya diski 158 walizozinunua zikiwa zimetumika. Zilizokuwa bado zinasomeka zilikuwa 129, na zilizosafishwa ipasavyo 12 tu. Humo walikuta namba za kadi za benki zaidi ya 5,000. Zile diski zilitoka kwa watu wa kawaida na makampuni, na wengi wao bila shaka waliamini wameshafuta.

Sasa mpangilio wangu ni huu, na unaanzia nyumbani kwako kabla hujaniletea mimi au fundi mwingine yeyote.

Hamisha vyako kwanza. Ukishanakili kwenye flashi au diski ya nje, fungua faili kadhaa kwenye kompyuta nyingine uone kama zinafunguka kweli. Watu wanakumbuka folda ya picha na ya nyaraka, wanasahau vilivyopakuliwa, vilivyoachwa kwenye uso wa mbele wa skrini, na data za programu za uhasibu ambazo hujificha kwenye folda zake zenyewe.

Kisha toka kwenye akaunti. Akaunti ya Google, ya Microsoft, na WhatsApp: kwa hii ya mwisho shika simu, ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa, itoe hiyo laptopu. Kama una programu ya kulipia ambayo leseni yake inahesabu mashine, iondoe humo mapema, maana ukishafuta kila kitu utaanza kuwaandikia barua pepe watu wa Ulaya uwaeleze kuwa mashine uliuza.

Ndipo ufute. Windows 10 na 11 zina njia yake ya ndani. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya urejeshaji, utaona "Reset this PC". Chagua "Remove everything". Hapo wengi wanabofya mbele mpaka mwisho, na hapo ndipo wanapokosea. Kabla ya kuendelea kuna mahali pa kubadilisha mipangilio, na ndani yake kuna "Clean data". Kwa kawaida huwa imezimwa. Iwashe. Kwenye diski ya kuzunguka (ya zamani, yenye sahani ndani) itachukua masaa, kwa hiyo anza jioni, chaja iwe ukutani na betri iwe imejaa. Umeme ukikatika katikati na betri yako ni ile ya dakika tano, utaamka na mashine isiyo na windo.

Ikimaliza itakuletea ukurasa wa kuchagua nchi na lugha. Usiendelee. Izime hivyohivyo, mnunuzi ajiwekee jina lake.

Vumbi na kung'arisha ni kazi ya mwisho. Karibuni tuchangie.

#2 Dagaa_Mbichi

Nimeweka kambi hapa, chai yangu iko pembeni.

Ila mkuu, mimi fundi alifomati nikiwa nimesimama mbele yake. Dakika haikuisha, akaniambia tayari. Hiyo mashine niliiuza mwaka jana kwa jamaa wa Geita. Nianze kuomba dua?

#3 Fundi_Makoroboi

Dagaa_Mbichi, inategemea ndani mlikuwa na diski gani.

Kama ni diski ya kuzunguka, ile ya zamani yenye sahani na mlio wa tikitiki, fomati ya dakika moja haijagusa kitu. Fomati ndefu ndiyo inayofuta. Tangu Windows Vista fomati ndefu huandika sifuri diski nzima. Kama ni SSD, zile diski za kisasa za chipu zisizo na kitu kinachozunguka, Windows tangu toleo la 7 huiambia SSD kwamba nafasi zile hazina kazi tena, na SSD yenyewe huzisafisha kwa wakati wake. Kuokota faili hapo ni kazi ngumu, ingawa siwezi kukuapia haiwezekani.

Ushauri: badilisha paswedi ya barua pepe yako leo, kisha ingia kwenye orodha ya vifaa vya akaunti uone kama hiyo laptopu bado imo. Kama imo, itoe. Dua nayo haizuiwi.

#4 Kijana_wa_Bwiru

Mleta mada umeeleza vizuri lakini umepunguza. Kufuta kwa uhakika ni kuandika juu yake mara 35. Chini ya hapo wataalamu wanarudisha kila kitu. Kuna programu inaitwa DBAN, unaiweka kwenye flashi, unaiacha inasaga. Mimi ndiyo naitumia.

#5 Capripoint_IT

Mkuu Kijana wa Bwiru, hiyo 35 ina historia yake. Ilitoka kwa Peter Gutmann, mwaka 1996, na ilikuwa jumla ya mbinu za aina mbalimbali za diski za enzi hizo. Baadaye yeye mwenyewe alisema hakuna maana ya kuzipitisha zote 35 kwenye diski moja. Mwongozo wa 2014 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ulisema kwa diski ya kuzunguka, kuandika juu mara moja kunatosha. Mara 35 kwenye diski ya terabaiti moja ni siku nyingi za kuchosha mashine na kula LUKU, faida hakuna.

Halafu DBAN haikutengenezwa kwa ajili ya SSD. SSD huficha sehemu ya nafasi yake kama akiba, na inazungushazungusha mahali pa kuandikia ili isichakae upande mmoja. Wewe unadhani umeandika juu ya faili, kumbe imekuandikia pembeni na la zamani lipo vilevile. Kwa SSD tumia amri ya kujifuta iliyojengwa ndani yake. Laptopu nyingi za biashara za HP, Dell na Lenovo zinayo kwenye BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows), au utaipata kwenye programu ya mtengenezaji wa SSD. Inaisha upesi kuliko kupika ugali.

Na kuna njia ambayo naipenda zaidi, ila unaianza siku unanunua siyo siku unauza: washa usimbaji wa diski nzima, BitLocker au ule wa kawaida unaokuja na Windows Home kwenye baadhi ya mashine. Data yote inakaa imefungwa kwa ufunguo. Siku ya kuuza ukifuta upya, ufunguo unapotea na kilichobaki ni takataka zisizosomeka. Tahadhari moja: hakikisha ule ufunguo wa akiba wa tarakimu 48 unao, upo kwenye akaunti yako ya Microsoft au umeuchapisha. Nimeona mtu anabadilisha mipangilio ya BIOS kabla hajanakili vitu vyake, mashine ikamdai tarakimu 48, akabaki ameduwaa.

#6 Kijana_wa_Bwiru

Nimekusoma Capripoint. Ile ya SSD sikuijua. Lakini kwa diski ya kuzunguka nitaendelea na mara tatu, roho yangu itulie.

#7 Mama_Steshenari_Nyegezi

Habari zenu wanangu. Mimi nina steshenari, nachapa kazi za wanafunzi. Nataka kuuza mashine mbili nibadilishe. Haya ya kufuta nimeyaelewa, mwanangu wa mwisho atanifanyia. Mimi shida yangu ni ile uliyoipita haraka. Hizi mashine zinapiga kelele kama jenereta na chini zinaunguza. Fundi mmoja alifungua akakuta kumejaa vile vidudu vya ziwani. Na kibodi kina uchafu wa vidole vya chuo kizima. Nisafisheje ili mteja asikimbie?

#8 Fundi_Makoroboi

Shikamoo mama. Hapa umenigusa, maana watu wa Dar hawaelewi tunachopitia huku.

Kwa wasio wa ziwani: kuna nyakati, hasa mwezi ukiwa haujaonekana, vidudu vinapanda kutoka ziwani kwa wingi hadi kwa mbali unadhani ni moshi. Having'ati mtu, ila vinafuata mwanga. Wewe umekaa barazani usiku unachapa kazi, skrini ndiyo taa yao. Feni inavivuta, vinafika kwenye mapezi ya shaba yanayotoa joto, vinanasa. Vikichanganyika na vumbi la barabara na unyevunyevu wa huku vinafanya kitu kama blanketi. Hewa haipiti, mashine inapata moto, feni inakimbia kwa nguvu, na mteja akiiwasha dakika kumi anaona inapunguza mwendo. Anadhani imechoka, kumbe inakabwa. Laptopu zinazokaa Igombe au Luchelele nikizifungua naziona tofauti kabisa na zinazokaa Buhongwa.

Namna ya kufanya: zima kabisa, usiilaze tu. Chomoa chaja. Fungua kifuniko cha chini kwa bisibisi inayokaa sawasawa, na skrubu uzipange kwenye karatasi kwa mchoro wa zilipotoka. Hazilingani urefu, ukiweka ndefu pa fupi inaweza kutoboa bodi au kuinua kibodi. Chomoa waya wa betri kwenye bodi kabla hujagusa chochote. Betri ukiikuta imevimba, ishia hapo. Usiibonyeze, usiitoboe, mpelekee fundi, na usiiuze mashine nayo.

Feni ishikilie kwa kidole au kijiti kabla ya kupuliza. Blowa ikiizungusha kwa kasi isiyo yake beringi zinaharibika, na feni inayozungushwa huzalisha umeme kidogo unaorudi kwenye bodi. Pulizia mapezi kutoka upande hewa inapotokea, ili lile blanketi litoke kwa ndani badala ya kukandamizwa. Likigoma, feni itolewe, litolewe kwa brashi laini. Mashine ya kuvuta vumbi ya nyumbani usiitumie ndani, inazalisha umeme tuli.

Kama imepita miaka mingi, ile dawa ya joto kati ya prosesa na shaba itakuwa imekauka. Kuibadilisha ni kazi ndogo kwa fundi, na inashusha joto kuliko unavyodhani.

Kibodi: igeuze kifudifudi uigongegonge, pulizia, kisha pamba iliyochovywa kidogo kwenye spiriti. Angalia lebo. Inayofaa ni isopropili ya asilimia 70 kwenda juu. Spiriti nyingine za kusafishia vidonda zimetiwa mafuta, zinaacha utando. Skrini usiipake spiriti wala dawa ya kioo cha dirisha. Kitambaa laini cha miwani kilichonyeweshwa kidogo kwa maji safi ya chupa kinatosha, na maji yaende kwenye kitambaa, yasipuliziwe kwenye skrini. Petroli na tina, naomba zibaki gereji. Nimeona kava la plastiki likiyeyuka herufi za chapa.

#9 Mama_Steshenari_Nyegezi

Marahaba mwanangu, ubarikiwe. Kumbe ile taa ya barazani ndiyo mchawi wangu.

#10 Ng'wana_Igoma

Mnahangaika sana wakuu. Mimi siuzi laptopu na diski yake. Nachomoa, naweka kabatini, nauza kasha. Anayetaka diski akanunue dukani. Hakuna wa kuniletea habari za kurudisha faili.

#11 Fundi_Makoroboi

Ng'wana Igoma, kwa usalama umewashinda wote humu, sikupingi. Ila ujue unachopoteza. Mnunuzi wa kawaida akiona mashine haiwaki mpaka Windows, anahesabu ni mbovu, na bei anayokupa ni ya mbovu. Njia ya katikati ni kununua SSD ndogo uiweke mbadala. Mashine inakuwa na kasi mpya, mteja anafurahi, na diski yako unabaki nayo kama bakapu. Windows yenyewe haina shida: kwa mashine nyingi leseni imeshikamana na bodi, ukiweka toleo lilelile itajitambua ikipata intaneti.

Ukichomoa, sema wazi kwenye tangazo. Kuna mwenzetu aliuza kasha akaandika "ipo fresh", mnunuzi akaja nalo kutoka Magu na askari.

#12 Karani_wa_Saccos

Wakuu, sisi ofisini kuna laptopu kuukuu zinataka kupigwa mnada kwa wafanyakazi. Zina taarifa za wanachama: mikopo, picha, namba za simu. Meneja anasema zifutwe tu kawaida kwa sababu zinabaki kwa watu wetu. Nyie mnaonaje?

#13 Capripoint_IT

Mwambie meneja hizo taarifa siyo zake wala si za huyo mfanyakazi, ni za wanachama. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume inayoisimamia. Anayekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda, na kuuza mashine hakumwondolei huo wajibu. Leo mfanyakazi ni wenu, kesho anaiuza Mlango Mmoja.

Kwa ofisi msitegemee ule ufutaji wa ndani ya Windows. Microsoft wenyewe wanasema ni wa watumiaji wa kawaida na haufikii viwango vya serikali na viwanda. Tumieni amri ya SSD yenyewe, au ShredOS, programu ya kufutia diski, kwa diski za kuzunguka. Andikeni namba ya utambulisho (serial number) ya kila mashine, njia iliyotumika, tarehe, na aliyefanya asaini. Mkiwa na hiyo karatasi, siku mkaguzi akiuliza hamtetemeki.

Jingine watu wa maofisi wanalisahau: paswedi ya BIOS iondolewe, na mashine itolewe kwenye mfumo wa usimamizi wa ofisi. La sivyo mnunuzi atapiga windo mara kumi, kila ikiwaka na intaneti inamwambia ni mali ya taasisi fulani.

#14 Mwalimu_Sengerema

Hilo la mwisho limenikuta kama mnunuzi. Nilivuka daraja kuja mjini, nikanunua Mac nzuri sana kwa kijana mmoja, nimefika nyumbani inanidai akaunti ya mtu nisiyemjua. Kijana simu haipatikani. Mnaouza, mtuonee huruma.

#15 Fundi_Makoroboi

Pole sana mwalimu. Kwa Mac, muuzaji lazima atoke kwenye akaunti yake ya Apple na azime ile ya kutafuta kifaa kilichopotea. Mashine zenye chipu ya T2 au prosesa za Apple wenyewe zinafungwa na akaunti. Ukizifuta bila kutoka, unamuuzia mtu kipande cha bati. Ikiwa na macOS Monterey ya 2021 au mpya zaidi, kuna "Erase All Content and Settings", inafanya yote kwa mpigo na kukuuliza paswedi ya akaunti. Mwenye mali halali hashindwi hapo, kwa hiyo mnunuzi dai ifanyike mbele yako.

Na mnunuzi asitoe pesa mpaka mashine imeunganishwa na intaneti ya simu yake na kufika mwisho wa kuandikisha jina jipya. Andikeni karatasi ya mauziano yenye namba ya mashine, na risiti ya awali iambatane kama ipo. Kama haipo, hata mwenyekiti wa mtaa agonge mhuri. Muuzaji naye inamlinda: mashine ikikutwa kwenye tukio, inajulikana ilishatoka mikononi mwake.

Muuzaji akitaka kuaminiwa zaidi, kabla ya kufuta aandike powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri. Inatoa ripoti ya betri ilivyotoka kiwandani na inavyojaza sasa. Ichapishe kwa Mama Nyegezi, iambatanishe. Na usimfiche mnunuzi kama mashine inaishia Windows 10. Msaada wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na za kizazi cha saba cha Intel kurudi nyuma karibu zote hazikubaliwi rasmi kwenye 11. Punguza bei, mmalizane.

#16 Nansio_Ferry

Salaam kutoka Ukerewe. Mbona mnaongelea zinazowaka tu? Yangu iliingia maji mtumbwini, haiwaki kabisa. Kuna mtu anaitaka kwa spea. Ndani kuna picha za marehemu baba. Nafutaje kitu kisichowaka, na nazipataje hizo picha?

#17 Fundi_Makoroboi

Pole ndugu yangu. Kutowaka mara nyingi ni bodi. Diski inaweza kuwa nzima. Usiendelee kuijaribu kwa chaja, unaichoma zaidi. Fungua chini, chomoa waya wa betri, toa diski. Kama ni ya mstatili wa karibu ukubwa wa kiganja, inaingia kwenye kava la USB la kawaida. Kama ni kijiti chembamba cha SSD, angalia aina yake kwanza, maana kuna za SATA na za NVMe na makava yake ni tofauti. Iache ikauke siku kadhaa, ndipo uichomeke kwenye kompyuta nyingine. Ikifunguka, nakili picha sehemu mbili, kisha pitisha fomati ndefu kama ni ya kuzunguka, au uibakize tu kwako. Kwa spea mnunuzi anataka skrini, kibodi na kava, diski haimhusu.

Kuna laptopu nyembamba ambazo hifadhi imechomelewa kwenye bodi. Kama yako ni hivyo, usimpe mtu hiyo bodi mpaka picha zimetoka. Diski ikiwa imekufa yenyewe, ya kuzunguka itobolewe sahani kwa drili, SSD ivunjwe kila chipu. Usiichome moto, na ziwani usitupe.

Ukija mjini beba na chaja yake. Mnunuzi wa spea akikosa chaja anakata bei palepale.